Nimeihama vaibreta ya kutetema, niko na hii ya hewa sasa. Mrejesho wa miezi saba

Bi_Mkubwa_Tabata:

Wapendwa habarini. Uzi wa watu wazima huu, wenye kuja kunitolea mapepo piteni taratibu, mlango uko wazi na nawapenda.

Mimi ni mama wa miaka 39. Mzee wangu dereva wa lori, Dar Lubumbashi, akitoka hapa na mzigo akae foleni mpakani Tunduma, akae tena mpaka wa Kasumbalesa, mpaka anarudi wiki nne tano zimekatika. Miaka sita nyuma yeye mwenyewe ndo aliniletea vaibreta, ile kubwa yenye kichwa kama maiki ya mchungaji, ya kuchomeka ukutani. Akasema bora hii kuliko uanze kumzoea muuza duka. Nilicheka sana ila nikapokea.

Na ilinifaa jamani nisiwe mnafiki. Miaka miwili ya mwanzo dakika tano tu nishafika kileleni nimelala. Shida ilikuja polepole hadi sikuiona ikija. Dakika tano zikawa kumi, namba moja ikawa namba mbili, afu ikawa ile ya mwisho kabisa inayounguruma kama blenda ya muuza juisi, kuna siku jirani akaniuliza mama nanii unasaga nini saa hizi za usiku. Nikawa naikandamiza. Mkono unakufa ganzi, ukiiachia vidole vinakuwasha kama umeshika usukani wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi masaa mawili, na huko chini hivyo hivyo, ganzi tupu, naweka kidole najiuliza hapa ni mimi au godoro. Nusu saa jasho linanitoka, na umeme ukikatika katikati ndo unabaki umekaa gizani na hasira zako.

Kilichonitisha ni mzee aliporudi. Akinigusa nasikia kama mtu ananigusa juu ya dera. Sikumwambia. Nikasema moyoni basi mishipa imekufa, ndo malipo yenyewe haya. Nikaificha juu ya kabati ndani ya sufuria la shughuli, miezi mitatu sikuigusa.

Desemba wifi yangu anayeishi Hamburg kaja likizo, tumekaa jikoni tunakuna nazi nikamtapikia yote. Akanicheka, akasema wifi hujafa, umejizoesha kelele, ukikaa kwenye muziki mkubwa usiku kucha asubuhi utasikia jogoo? Aliporudi akampa mtu aniletee Satisfyer Pro 2, ndo hii ya hewa.

Sasa nisikilizeni, mara ya kwanza nilitaka kuitupa jalalani. Nimeishika kama nilivyozoea ile nyingine, nakandamiza, nazungusha, inapiga prrr prrr kama mtoto anayepuliza mate, sisikii kitu. Nikamtumia wifi vois ya matusi. Akanijibu neno moja, TULIA.

Ni hivi. Ile ya zamani inatetemesha kila kitu, nyama, mfupa, paja, mpaka meno. Hii ina mdomo mdogo wa silikoni wenye tundu, na ndani kuna utando unaenda mbele na nyuma kama spika ya redio, unasukuma hewa unaivuta, unasukuma unaivuta, haraka haraka. Watu wanasema inanyonya ila sio kunyonya kule kwa kuvuta ukaachia, ni hewa inapigapiga. Kinembe kinakaa katikati ya tundu na mdomo wenyewe unakizunguka bila kukisugua. Ukitaka kuelewa weka ncha ya kidole pale, utasikia pu pu pu kama perege kwenye beseni anakudonoa. Kwaiyo lazima ule mdomo ukae vizuri pande zote hewa isitoke, ukishapata pahala pake unatulia, husogezi, hukandamizi. Jeli ya maji kidogo kuzunguka ukingo inasaidia kufunga. Afu unaanza namba moja. Zipo kumi na moja na miezi saba hii sijavuka ya tano.

Jaribio la tatu, dakika nne. Nilishtuka hadi nikaiangusha.

Ila sio kwamba ni malaika. Kilele chake ni kikali na kinakuja ghafla kama chafya, ile nyingine ilikuwa inakuja kwa mbali kama wimbi unaliona. Na ukishamaliza itoe haraka maana pale hapagusiki tena. Kuna siku nataka wimbi sitaki chafya, hizo siku nashusha sufuria.

Na ganzi iliisha. Sijui ni hii mpya au ni ile miezi mitatu ya kupumzika, mi nadhani ni kupumzika zaidi kuliko chochote. Karibuni maswali, nijibu nikiwa na bando.

mzee_wa_pilau:

Nakaa siti ya mbele. Naomba kujua, kwaiyo sisi wanaume tumepigwa mweleka na pampu?

Bi_Mkubwa_Tabata:

Mkuu umetania ila umelenga. Mjerumani mmoja anaitwa Michael Lenke wa kule Bavaria ndo aliyeanzisha, alianza kuhangaika na pampu ya tangi la samaki, zile zinazotoa mapovu, yeye na mkewe Brigitte. 2014 wakaingiza sokoni kwa jina Womanizer, na ilikuwa bei mbaya. Hii yangu ya Satisfyer ni Wajerumani vilevile, 2016 wakaja na ya bei ndogo, wakaishia kuvutana mambo ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Basi mkuu umepigwa na pampu ya samaki.

mzee_wa_pilau:

Kha! Na nina tangi sebuleni. Nalitoa kesho.

kwini_254:

Aki OP (mleta uzi) umenisaidia kujua si mimi peke yangu. Mimi niko Nairobi, nilinunua ile ya hewa yenye umbo la ua la waridi, ile ilisumbua TikTok 2021 kila mtu anaongea juu yake. Ikaletwa na mtu wa nduthi kwa karatasi nyeusi imefungwa na selotepu kama bomu, ananiuliza madam ni simu? Nikamwambia ni simu. Hiyo kitu wiki ya kwanza ilikuwa tamu mpaka nikapigia dadangu. Wiki ya pili ikaanza kuwaka yenyewe usiku ndani ya droo, nikidhani ni panya, ya tatu ikachemka kwa mkono ikazima. Muuzaji akaniblok. Nauliza, ni mimi nilipata mbaya ama zote ni hivyo?

Kaka_Fundi_Simu:

Naingilia kama fundi, msinitoe. Nimeshaletewa mbili kufungua, wateja wanazificha kwenye soksi, mi sina hukumu. Hiyo ya waridi haina mwenyewe, sio kampuni moja, viwanda kibao China vinatoa umbo lilelile, kwaiyo unaweza kupata nzuri na unaweza kupata takataka, kwa nje zinafanana. Niliyofungua betri ndogo kama ya hedfoni za sokoni na hakuna kabisa kile kisahani cha kuilinda ikijaa. Ndo maana inachemka. Mambo mawili: usiichaji kwa chaja kubwa ya simu mpya, tumia tundu la kompyuta au kichwa kidogo cha zamani, na usilale ukiiacha kwenye chaji. Betri ikianza kuvimba itoe ndani ya nyumba.

Nyingine, ule waya wa sumaku wa kuchajia. Ukipotea umepotea, kampuni moja na nyingine waya haziingiliani. Ufunge pamoja na mashine.

kwini_254:

Fundi wangu hatakuwa na roho kama yako. Asante.

tulizana88:

Mnapoteza muda na mavyuma, mwanamke aliyeolewa ana mume. Hii ndo inaua mishipa halafu mnakuja kulalamika hamfiki.

Nesi_wa_Zamu:

Tulizana ngoja nikujibu taratibu, niko zamu ya usiku na wodi imetulia.

Hilo la kuua mishipa watu wanalipenda sana. Kuna utafiti Marekani ulitoka 2009, wa Debby Herbenick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, wanawake zaidi ya 2,000 wa miaka 18 hadi 60. Kidogo zaidi ya nusu walishawahi kutumia vaibreta, na kati ya hao 71.5% walisema hawajawahi kupata shida yoyote ile ya sehemu za siri kwa kuitumia. Ganzi ipo, mleta uzi ameieleza vizuri, ila ni ya kupita. Ukikaa chooni na simu mguu ukafa ganzi, unaenda kuukata?

Kinachokaa muda mrefu ni mazoea. Mwili ukizoea kishindo kimoja tu unakuwa mvivu kwa vingine, na dawa yake ni ileile aliyofanya bila kujua, pumzika, badilisha, shusha namba. Na dada zangu mnaotumia dawa za sonona, zile za kundi la SSRI, mjue zenyewe zinachelewesha kufika kileleni kwa watu wengi. Usilaumu mashine wala mume, wala usiache dawa kwa sababu ya uzi huu, ongea na aliyekuandikia.

Halafu hii hewa sio uchawi mpya. 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa kinaitwa Eros, kikombe kidogo kinachovuta kweli kwa pampu ili damu ijae pale, kikitolewa kwa cheti cha daktari kwa wanawake wenye shida ya msisimko. Kile kilikuwa kinavuta, hivi vya sasa vinapiga hewa, lakini wazo la kwamba pale panahitaji damu na sio mabavu lilikuwepo.

Onyo moja tu na nalikazia. Hiki ni kifaa cha nje. Ule mdomo hauingizwi ukeni, na mjamzito ndo kabisa, hewa kusukumwa ndani ya uke wa mjamzito ni jambo la kuua.

tulizana88:

Sawa nesi. Nimesikia.

mzee_wa_pilau:

Wakuu andikeni tarehe, tulizana amesema sawa.

Somo_Makadara:

Mwanangu weye wa Tabata, nimesoma nikacheka peke yangu na umri huu. Mie nimecheza wari wengi Mombasa, na somo yangu aliyenifunza alikuwa akisema kitu hichi hakitaki mabavu, ni kama kupepea moto wa seredani, ukipuliza kwa fujo jivu latapakaa na kaa lazimika. Leo naona Mjerumani aja kutuuzia kwa dola. Lakini nikwambie kweli, nami nimejinunulia, mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne, na ukomo wa hedhi umenifanya pale pakavu na paregevu, kidole chaniumiza, ile ya kutetema yanichoma. Hii ya hewa haisugui. Ndilo jambo nililolipendea. Ila mafuta ya maji nitie, bila hayo haishiki.

Usitie mafuta ya nazi wala ya silikoni kwenye mdomo wa silikoni, yale ya silikoni yauharibu, mpira wavimba ukawa na utelezi usioondoka. Nimeharibu mmoja.

Bi_Mkubwa_Tabata:

Shikamoo somo. Umenifundisha, mi nilikuwa naelekea kwenye nazi.

Somo_Makadara:

Marahaba mwanangu. Nazi tia kwenye wali.

Furaha_Goma:

Mimi niko Goma na nasoma nacheka, juu huku kwetu na pale ngambo ya Gisenyi wamama wanajuaka hii kitu zamani sana. Inaitwa kunyaza kwa Kinyarwanda. Mwanaume anagongagonga pale juu polepole na kuzungusha, zaidi ni ya nje, na bibi anafundishaka binti mbele ya ndoa. Sasa nyinyi munasema hewa pu pu pu, mi naona ni ileile tu, ni kugonga kidogo kidogo bila kuchoka. Mwanaume anachokaka. Ile machine haichoki. Hapo ndo inashinda.

Bi_Mkubwa_Tabata:

Furaha umenipa jambo. Mzee akirudi namwambia Tunduma asipitie, apitie Gisenyi akafundishwe.

dada_wa_Deira:

Kwa wenzangu tulioko Dubai, msithubutu kuagiza wala kuja nayo kwenye begi. Huku hivi vitu ni marufuku na mzigo unapita kwenye mashine, usije ukarudishwa nyumbani kwa ajili ya kitu cha saizi ya sabuni. Mi nimeiacha kwa mama yangu nimemwambia ni ya kusugua uso. Juzi kanitumia picha ameiweka shavuni.

Bi_Mkubwa_Tabata:

DADA 😭😭😭

kwini_254:

Nimekufa. Mwambie mama aioshe!

Bi_Mkubwa_Tabata:

Na hapo kwenye kuosha ngoja niseme maana niliyapata. Mwezi wa pili ikaanza kufifia, nikajua ndo imekufa kama ya kwini. Kumbe ule mdomo unachomoka, nilikuwa sijui miezi miwili yote! Nimechomoa, ndani kwenye kona jeli imeganda kama gundi ya maandazi. Nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na marashi, na kijiti cha pamba kwenye tundu taratibu, ikaamka. Sasa hivi kila nikitumia naiosha. Ile ya waridi nyingi mdomo hauchomoki, ukinunua uliza hilo kwanza, rangi baadaye.

Na kelele. Ikiwa hewani inapiga kelele kuliko ikishakaa, kwaiyo wenye nyumba za kupanga iweke kwanza pahala pake ndo uwashe. Jirani hajaniuliza tena nasaga nini.

mzee_wa_pilau:

Swali la kweli sasa, sitanii. Mke wangu akiniambia anataka hii nitajisikia vibaya, sio siri. Mzee wako anasemaje?

Bi_Mkubwa_Tabata:

Mkuu asante kwa kuuliza vizuri. Mwanzo nilimficha, kosa langu. Aliigundua akitafuta chaja ya simu, akakaa kitandani ameishika akiiangalia kama spea asiyoijua. Akaniuliza, hii ndo inafanya unanikimbia? Nikamwambia hapana, kilichonikimbiza ni ile uliyoleta wewe, na nikamweleza ganzi yote. Alinyamaza sana. Afu akasema kwanini hukuniambia nimekaa Kasumbalesa siku tisa najiuliza nimekosa nini.

Sasa hivi yeye ndo anaishika. Ana mkono wa dereva, haupepesuki. Anajua kutulia kuliko mimi.

Mnyaturu_kimya:

Samahani nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni kati ya waliokeketwa. Nina miaka 33. Nilinunua hii ya hewa mwaka jana baada ya kusikia wenzangu wanaisifia, sikusikia kitu kabisa zaidi ya kama kovu kuvutwa, nikaona ndo hivyo, kwangu hakuna kilichobaki. Nimesoma nesi anaandika vizuri nikaona niulize. Kuna kitu kwa watu kama sisi?

Nesi_wa_Zamu:

Dada karibu, na pole, na asante kwa kuuliza.

Kwanza hilo la hakuna kilichobaki. Kisimi tunachokiona nje ni ncha tu. 1998 daktari wa upasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha kazi yake ya kuchora upya kiungo hiki, akaonyesha sehemu kubwa iko ndani, ina miguu miwili inayolala kando ya mfupa na mingine inayozunguka njia ya uke. Vitabu vyetu vingi vya uuguzi vilikuwa vinaweka kidoti tu. Hata ile hesabu ya nyuzi 8,000 za fahamu iliyokuwa inatajwa kila mahali ilitoka kwa ng'ombe, mpaka 2022 Blair Peters na wenzake wa Oregon walipohesabu za binadamu wakapata zaidi ya 10,000. Wembe ulichukua cha nje. Cha ndani kipo.

Sasa hii ya hewa inategemea ile ncha, mdomo wake umetengenezwa kuizunguka. Kama ncha haipo au imefunikwa na kovu, hewa inapiga kovu, ndicho ulichosikia. Kwako mi ningejaribu ileile ambayo wenzako wanaikimbia, ya kichwa kipana inayotetema, maana mtetemo unazama na kusambaa. Ila ndogo, ya kuchaji, sio ya ukutani. Namba ya chini kabisa. Kunja khanga mara mbili iweke katikati, iweke juu kwenye mfupa na pembeni, usiende kwenye kovu. Ikiuma acha siku hiyo. Na maumivu yakikaa, au kama kovu lina uvimbe, nenda kwa daktari wa wanawake, kuna makovu yanatibika.

Mnyaturu_kimya:

Asante nesi. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya ndani.

Somo_Makadara:

Mwanangu, usione haya hapa. Kaa nasi.

kwini_254:

OP huu uzi ulianza na blenda sasa mimi nalia kwa matatu.

Bi_Mkubwa_Tabata:

Wapendwa nimeona watu wanauliza inboksi ninunue ipi. Siuzi na sina duka. Ukipata mtu wa kukuletea kutoka nje, ile ya kawaida ya kampuni inayojulikana inatosha, hizo za karibu dola 200 zinakuwa na mambo mengi, kuna inayojizima yenyewe ukiiondoa mwilini, ni raha ila sio lazima. Ukinunua hapa mjini mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, aichomoe mdomo mbele yako. Akiona aibu kuliko wewe, huyo sio muuzaji.

Na kama yako ya kutetema inakufaa hujapata ganzi, mbona uhame? Kaa nayo.

Mnyaturu_kimya:

Habari zenu. Imepita wiki tatu, nimekuja na mrejesho kama mlivyozoea humu.

Nilipata ya maiki ndogo, ya kuchaji. Nimefanya kama nesi alivyosema, khanga mara mbili, namba ya kwanza, juu kwenye mfupa. Siku ya kwanza nilikuwa nasikia tu inavyovuma. Ya pili hivyo hivyo nikalala. Jana nilisogeza kidogo upande wa kushoto nikatulia muda mrefu, naangalia dari.

Sikufika popote. Ila nilisikia. Sijui niwaelezeje, ni kama mtu amewasha taa chumba cha mbali, unaona mwanga chini ya mlango. Nikakaa nayo hapohapo mpaka ikazima yenyewe.

Naulizia, ile taa nyekundu inayopepesa ndo chaji imeisha au nimeiharibu?

Kaka_Fundi_Simu:

Chaji tu dada. Chomeka masaa mawili.